Nani aitwe mwenye hekima? Safari ndefu ya majina ya Kisanskriti

Yapata miaka 2,100 iliyopita, mwanazuoni wa India aitwaye Patanjali aliorodhesha sababu za kijana kujifunza sarufi ya Kisanskriti. Alitaja kuhifadhi maandiko matakatifu ya Veda yasiharibike. Alitaja matamshi, kwa kuwa neno lililotamkwa vibaya katika ibada liliweza kumgeukia msemaji mwenyewe. Kisha akataja jambo la nyumbani kabisa: siku ya kumi ikishapita tangu mtoto wa kiume azaliwe, baba anatakiwa ampe jina. Asiyejua sarufi atampa jina gani?

Hakuwa akifanya mzaha. Vitabu vya ibada za nyumbani vya enzi hizo, kikiwemo cha Paraskara, viliweka masharti magumu. Jina la mvulana liwe na silabi mbili au nne. Lianze kwa konsonanti ghuna kama g, d au b, na ndani yake iwemo y, r, l au v. Tena lichimbuke moja kwa moja kutoka kwenye mzizi wa kitenzi, si kutoka kwenye nomino iliyokwisha kuundwa. La msichana lilipaswa kuwa na silabi witiri. Chukua Dhira, jina la mtu mwenye busara asiyeyumba: silabi mbili, dh mwanzoni, r ndani. Limefaulu.

Aliyetaka jina la hekima hakukosa pa kuchota. Mzizi vid ni kujua, nao ndio uliozaa neno Veda lenyewe, vidya yaani elimu, na jina Vidur. Mzizi budh ni kuamka na kuzinduka. Humo mna Buddha, Bodhi, Subodh na Prabodh. Jna ni kutambua, asili ya Prajnan na Gyan. Dhi ni fikra, na kwake wametoka Dhiman na Sudhir. Medha ni akili inayoshika mambo, ikampata Sumedh. Viveka ni uwezo wa kupambanua la kweli na la uongo, ndiye Vivek. Mvulana anayeitwa mojawapo ya majina hayo ametakiwa akili na wazazi wake. Kilichogombaniwa kwa karne nyingi ni nani mwenye ruhusa ya kutakiwa akili.

Mgawo wa Manu

Sheria za Manu, zilizokusanywa karibu na mwanzo wa enzi yetu, hazikuficha kitu. Jina la Mbrahmani, kuhani na mwalimu, liwe la heri. La Mkshatriya, mtawala na askari, liwe la nguvu. La Mvaishya, mfanyabiashara na mkulima, liwe la mali. La Mshudra, mtumishi wa wote hao, liwe la kudharaulika. Hekima haikutajwa katika mgawo huo, lakini Veda zilisomwa na tabaka tatu za juu tu, na Mbrahmani peke yake ndiye aliyeruhusiwa kuzifundisha. Mshudra aliyejiita mjuzi alikuwa amevaa kanzu ya mwenzake.

Mahabharata, utenzi mkubwa kuliko zote za Kisanskriti, una mtu aliyegonga ukuta huo. Ni Vidura, ambaye jina lake lina maana ya mjuzi. Baba yake ni mtawa Vyasa, mama yake mtumishi wa kike katika jumba la kifalme. Ndugu zake kwa baba, Dhritarashtra na Pandu, walizaliwa na mabinti wa kifalme, wakapata ufalme. Vidura aliyewazidi kwa busara akaishia kuwa mshauri. Ndiye aliyeonya kwamba mchezo wa dadu kati ya watoto wa ndugu hao wawili usiruhusiwe. Alipuuzwa, na ukoo mzima ukaishia vitani.

Usiku mmoja kabla ya vita hivyo, Dhritarashtra anakosa usingizi na kuagiza Vidura aitwe. Vidura anamnasihi saa baada ya saa: mpumbavu hutambulikaje, mfalme ajihadhari na nani, hasira na tamaa hugharimu nini. Mfalme anataka aendelee, mazungumzo yanafika kwenye siri ya kutokufa, na hapo Vidura anasimama. Amezaliwa na mama Mshudra, anasema, hivyo hathubutu kufundisha zaidi ya hapo. Anaitwa mjuzi mwingine, Sanatsujata, amalizie somo. Mtu aliyeitwa Mjuzi alifungwa mdomo na nasaba ya mama yake.

Walio chini walipata mzizi wa akili kwa mlango mwingine, mlango wa kalenda. Kama tulivyo na kina Juma, Jumanne na Hamisi, vijiji vya kaskazini mwa India vilimwita mtoto kwa siku aliyozaliwa. Mangal ni wa Jumanne. Wa Jumatano aliitwa Budhu au Budhram, kwa kuwa siku hiyo ni ya Budha, yaani sayari ya Utaridi, na Budha huyo ametoka kwenye mzizi uleule wa kuamka na kujua. Karne ya 19 majina ya aina hiyo yaliandikwa katika orodha za vibarua waliopelekwa Mauritius na Fiji kukata miwa. Maskini alipata hekima kwa bahati ya tarehe. Na hata hapo alichekwa, maana katika Kihindi cha mtaani buddhu ni mjinga.

Bahari ya mashariki

Ng'ambo ya bahari majina hayo yalienda bila mzigo wa Manu. Kufikia karne ya 5, wafalme wa Borneo na Java walikuwa wakichonga maandishi ya Kisanskriti kwenye mawe. Baadaye Java ikawa ya Waislamu, lakini neno buddhi, yaani akili, lilibaki na kufupishwa kuwa Budi, na hadi leo ni jina la kawaida kabisa la mwanamume wa Indonesia, Mwislamu au Mkristo. Chama cha Budi Utomo, kilichoanzishwa na wanafunzi wa udaktari tarehe 20 Mei 1908, ndicho kinachohesabiwa kuwa mwanzo wa harakati za taifa hilo, na siku hiyo huadhimishwa kila mwaka. Vitabu vya shule vilimfanya Budi kuwa mtoto wa kwanza ambaye mamilioni ya Waindonesia walijifunza kusoma jina lake. Boediono, makamu wa rais kati ya 2009 na 2014, anabeba mzizi huohuo.

Thailand ilipokea neno la hekima kwa kupitia Kipali, lugha ya maandiko ya Kibudha, likawa jina la kiume: Panya. Mswahili atacheka, lakini huko ni jina la heshima.

Bahari ya elimu

Nyumbani India, ukuta ulianza kupata nyufa karne ya 19, na mmoja wa waliougonga alikuwa Mbrahmani. Ishwar Chandra alizaliwa mwaka 1820 katika kijiji maskini cha Bengal. Mwaka 1839 wanazuoni wa Calcutta walimpa cheo cha Vidyasagar, bahari ya elimu, na cheo kikameza jina lake la ukoo. Mwaka 1851 akawa mkuu wa Chuo cha Kisanskriti cha Calcutta, ambacho kilikuwa kikipokea Wabrahmani na tabaka la waganga tu. Mwaka huohuo alifungulia tabaka la Kayastha, na miaka mitatu baadaye mlango ukapanuliwa kwa Wahindu wengine. Ndiye pia aliyepigania sheria ya 1856 iliyowaruhusu wajane kuolewa tena.

Kayastha mmoja wa Calcutta, Narendranath Datta, aliyezaliwa mwaka 1863, aliacha jina lake alipokuwa mtawa. Aliposimama mbele ya Bunge la Dini za Dunia mjini Chicago, Septemba 1893, aliitwa Vivekananda, furaha ya upambanuzi. Siku yake ya kuzaliwa, tarehe 12 Januari, ni Siku ya Vijana nchini India tangu 1985. Kwa watu kama hao, jina la hekima liligeuka: halikusubiri mnajimu wala nasaba, mtu alilipata kwa kazi yake au kwa kulichagua.

Mkondo huo ulifika Afrika Mashariki. Mwaka 1933 Girdhari Lal Vidyarthi alianzisha gazeti la Colonial Times mjini Nairobi, na baadaye akachapisha gazeti la Kiswahili, Habari za Dunia. Miaka ya 1940 serikali ya kikoloni ilimfunga kwa uchochezi. Vidyarthi maana yake ni mtafuta elimu, mwanafunzi. Uganda nayo ina Sudhir Ruparelia, mfanyabiashara aliyezaliwa nchini humo mwaka 1956, akaondoka Idi Amin alipowafukuza Waasia mwaka 1972, akarejea miaka ya 1980. Kampala ukisema Sudhir tu, inatosha.

Katika familia za Wagujarati, ambao ni sehemu kubwa ya Wahindu wa Mombasa, Dar es Salaam na Kampala, mwenye kauli ni foi, yaani shangazi, dada wa baba. Siku ya sita huwekwa kalamu na karatasi tupu karibu na mtoto, ili mungu wa majaliwa aandike yatakayompata. Siku ya jina, watoto hushika pembe nne za kitambaa, mtoto akilazwa humo pamoja na majani ya mti wa pipal. Wanambembeza, na shangazi analitamka jina. Shangazi hachagui ovyo, hata hivyo. Herufi hutolewa na nyota. Mwezi ukiwa katika Ndoo wakati wa kuzaliwa, jina lianze na g au s, basi kuna Gyan, Subodh na Sudhir. Ukiwa katika Ng'ombe, b au v: Bodhi, Vidur, Vivek. Katika Mshale, dh: Dhiman na Dhiren. Hata familia iliyokaa ng'ambo ya bahari vizazi vitatu bado hupiga simu kuuliza herufi kabla haijauliza maana.

Nagpur, 1956

Karibu na mji wa Pune kuna mnara wa vita vya Koregaon vya tarehe 1 Januari 1818. Miongoni mwa askari ambao majina yao yamechongwa humo wamo Wamahar, tabaka lililohesabiwa kuwa najisi. Unawatambua bila kuuliza, kwa kuwa majina yao yanaishia na -nac. Jina lilifanya kazi ambayo Manu aliikusudia.

Bhimrao Ambedkar, Mmahar aliyezaliwa mwaka 1891 na kusomea New York na London, aliutembelea mnara huo mwaka 1927. Desemba mwaka huohuo, mjini Mahad, yeye na wenzake waliichoma hadharani nakala ya Sheria za Manu. Baada ya kuongoza kamati iliyoandika rasimu ya katiba ya India huru, aliuacha Uhindu. Tarehe 14 Oktoba 1956, mjini Nagpur, aliingia Ubudha pamoja na mamia ya maelfu ya wafuasi wake. Mwaka huo gazeti lake lilipewa jina la Prabuddha Bharat, India iliyoamka. Alifariki tarehe 6 Desemba, wiki chache baada ya kuingia Ubudha.

Kilichofuata kilifanyika vibarazani, si bungeni. Familia zilizokuwa zikiitwa kwa majina ya kukatwa na kudunishwa zilianza kuwaita watoto wao Siddharth, Gautam, Prabuddha, Sumedh. Hilo la mwisho lina kisa chake: katika masimulizi ya Kibudha, Sumedha ni mtawa wa enzi za kale sana aliyejilaza matopeni ili Buddha wa zama zile apite juu yake, akaapa kwamba siku moja naye atakuwa Buddha. Mtoto wa mfagia barabara akaitwa mwenye akili njema, na mwalimu wa shule akalazimika kulisoma jina hilo kwa sauti katika mahudhurio.

Wengine walikataa Kisanskriti chenyewe. Kusini, mwanazuoni wa Kitamil Vedachalam alilitafsiri jina lake akawa Maraimalai Adigal, kwa hoja kwamba Mtamil hahitaji kuazima heshima. Mwaka 1929, katika mkutano wa Chengalpattu, Harakati ya Kujiheshimu ya Periyar E. V. Ramasamy iliwataka watu waache majina ya ukoo yanayotangaza tabaka. Watamil wengi leo hutumia jina la baba au herufi yake tu. Ndivyo ilivyo kwa R. Praggnanandhaa, mzaliwa wa Chennai wa mwaka 2005, aliyepata cheo cha juu kabisa cha sataranji akiwa na miaka 12 na kufika fainali ya Kombe la Dunia mjini Baku mwaka 2023, alikofungwa na Magnus Carlsen. R ni ya baba yake, Rameshbabu. Jina lenyewe ni la Kisanskriti safi, furaha ya hekima, ingawa watangazaji wa nje huishia kumwita Pragg.

Majina haya yana mikosi yake pia. Kovid ni neno la kale la mjuzi, limo hata katika Hanuman Chalisa, sala inayosomwa na mamilioni. Februari 2020 Shirika la Afya Duniani lilitangaza jina la ugonjwa mpya, na kina Kovid wa India wakaanza kueleza kila kaunta kwamba walitangulia.

Manu alitaka jina limtangulie mtu na kutangaza daraja lake. Leo Vivek anaweza kuwa mwana wa Mbrahmani wa Pune au mjukuu wa kibarua wa Nagpur, na karani anayemwandikisha shule hawezi kujua kwa jina hilo peke yake. Ndiyo maana, katika sehemu nyingi za India, mwenye kuuliza jina hatosheki nalo. Anauliza: na la ukoo je?