Mto Uliotangulia Milima

Ukitazama ramani ya kaskazini-magharibi mwa Kanada, utauona mto South Nahanni ukijikunja kama nyoka ndani ya milima ya Mackenzie. Mito hujikunja hivyo kwenye tambarare, si milimani. Inakuwaje? Kumbe mto huu ni mkongwe kuliko milima yenyewe. Ulipita pale nchi ikiwa bado bapa. Ardhi ilipoanza kuinuka, polepole mno, maji nayo yakawa yanakata mwamba, na ile mikunjo ikabaki palepale, katikati ya kuta za mawe. Ndiyo makorongo manne makubwa ya leo.

Makorongo hayo yamepewa namba, na namba zina habari yake. La Kwanza liko chini, upande ambako mto unakwenda kuingia Liard. La Nne liko juu, mara tu baada ya maporomoko. Yaani aliyehesabu alikuwa mgeni, anapanda na mashua. Wadene wa milimani walikuwa wakishuka majira ya kuchipua, ndani ya mashua za ngozi ya kulungu wakubwa wa kaskazini. Wao wangeanzia kule juu.

Mgeni alifuata dhahabu. Ndugu wawili, Willie na Frank McLeod, waliingia huko mwanzoni mwa karne ya 20 wasirudi. Mwaka 1908 mifupa yao ikapatikana, eti bila vichwa. Dubu na mafuriko hawakuhojiwa. Hadithi ilikuwa tamu mno. Basi ramani ikajaa matanga: Bonde la Wafu, Kijito cha Wasio na Vichwa, Milima ya Mazishi. Albert Faille naye alianza kuisaka dhahabu hiyo mwaka 1927, akaendelea kwa zaidi ya miaka 30. Hakuipata.

Maporomoko yenyewe yana kimo cha zaidi ya mita 90, karibu mara mbili ya Niagara. Mwaka 1928 Mmarekani Fenley Hunter aliyaita Virginia, jina la bintiye. Wadene wanayaita Náįlįcho.

Palikuwa na mpango wa kuyazalishia umeme. Mwaka 1970 waziri mkuu Pierre Trudeau aliupiga kasia mto huo, na mwaka 1972 eneo likatengwa kuwa hifadhi. Mwaka 1978 likaingia katika orodha ya kwanza kabisa ya Urithi wa Dunia, sambamba na Simien na Lalibela za Ethiopia. Mwaka 2009 hifadhi ilipanuliwa hadi kilomita za mraba 30,000 hivi, baada ya mazungumzo na Wadene wa Dehcho.