Muundi Uliofungwa, Unyayo Ulioachwa Wazi

Askari wa King's African Rifles, jeshi lililoundwa mwaka 1902 kwa kuunganisha vikosi vya Uingereza vya Afrika Mashariki na ya Kati, alipewa kaptula ya kaki na vipande viwili vya kitambaa cha sufu, kila kimoja kirefu kuliko kimo chake. Kila kimoja alianza kukizungusha kwenye kifundo cha mguu, akapanda nacho hadi chini ya goti, kisha akakikaza kwa utepe. Viatu hakupewa.

Mtindo huo ulitoka milima ya kaskazini mwa India, ambako wenyeji walijifunga hivyo kujikinga na baridi na mawe. Waingereza wakauiga, wakaueneza kila walikotawala. Katika nyika ya Voi na Taveta, walikopambana na Wajerumani tangu 1914, kitambaa hicho kilikuwa na kazi ya kweli: kilizuia miiba, upupu na kupe. Kilikuwa na adha zake pia. Kikikazwa mno, damu haipiti. Kikilowa, kinakuwa mzigo.

Hatari kubwa, hata hivyo, ilikuwa chini ya pale kitambaa kilipoanzia. Funza walifika Angola kwa meli kutoka Brazili mwaka 1872, na haikufika miaka 30 wakawa wamevuka bara zima hadi pwani ya Afrika Mashariki. Wadudu hao huingia vidoleni na chini ya unyayo. Kumkinga mtu muundi na kumwachia unyayo wazi ulikuwa uamuzi wa bajeti na wa dharau, na walioulipia ni waliotembea.

Wakubwa walijua kujikinga. Theodore Roosevelt, rais wa zamani wa Marekani aliyeanza safari yake ya kuwinda katika nyanda za Kapiti mwezi Aprili 1909 kwa maandalizi ya kampuni ya Newland & Tarlton ya Nairobi, alivaa viatu vizito na suruali ya kaki yenye ngozi magotini, iliyobanwa kwa vifungo kuanzia goti hadi chini ya kifundo, ili asihitaji kitu kingine cha kufunga miguu. Nyuma yake walifuata wapagazi zaidi ya 200 na mizigo yake vichwani.

Vita hivyo na Wajerumani vilipokolea, wapagazi wakakusanywa kwa nguvu katika kikosi cha Carrier Corps, na makumi ya maelfu wakafa, wengi kwa kuhara na uchovu. Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariokor ya Nairobi zimepata majina kutokana na kikosi hicho. Mwaka 1928, kwenye barabara ya Nairobi iliyoitwa Delamere na ambayo leo ni Kenyatta, zikasimamishwa sanamu za shaba za kuwakumbuka wao na askari, kazi ya James Alexander Stevenson. Sanamu ni heshima, lakini kiatu kingewafaa zaidi walipokuwa hai.

Kufikia mwaka 1944, askari wa Afrika Mashariki walipopigana Burma, buti zilikuwa sehemu ya sare.

Siku hizi vijana wa Westlands, Nairobi, hutoka alfajiri kwenda kupanda Elephant Hill, katika milima ya Aberdare, wakiwa na gaita za nailoni zenye kamba inayopita chini ya kiatu. Zinazuia tope na umande, na zinafanya kazi vizuri. Waongozaji wao wa Njabini, wanaoijua njia ya mianzi kuliko yeyote, huvaa gambuti.