RYAN, John Augustine (1869–1945)

Kasisi Mkatoliki wa Marekani, mwana wa mkulima wa Minnesota, ambaye, akiufuata waraka wa Papa Leo wa 13, Rerum Novarum, wa mwaka 1891, alishika kauli kwamba ujira wa kumtosha mfanyakazi pamoja na ahali zake si hisani ya tajiri, bali ni haki. Kauli hiyo aliithibitisha kwa hoja katika tasnifu yake iliyochapishwa 1906, akaisomesha tangu 1902 hata 1915 katika Seminari ya Mtakatifu Paulo, ambamo aliichanganya theolojia ya maadili na ilimu ya uchumi. Na seminari yenyewe, ajabu ya mambo, ilijengwa kwa mali ya James J. Hill, tajiri wa reli, ambaye mkewe alikuwa Mkatoliki, yeye siye. Ryan alishiriki kuiandika sheria ya Minnesota ya 1913 ya kima cha chini cha mshahara kwa wanawake na watoto. Mpango wa maaskofu Wakatoliki wa Marekani wa 1919, uliodai bima ya maradhi, uzee na ukosefu wa kazi, ni kazi ya kalamu yake. Na baadhi ya madai hayo, ambayo matajiri waliyashutumu kuwa ni fitina, yakawa sheria katika miaka ya 1930, zama za Rais Franklin Roosevelt.