Jinsi Gari la Mchezoni Lilivyopata Uzito

Mwaka 1974 kampuni ya Atari ya Marekani ilitoa Gran Trak 10, mchezo wa mbio za magari wenye usukani, gia na pedali mbili. Mashine yake haikuwa na prosesa. Iliendeshwa na saketi tupu. Gari lilionekana kwa juu, likienda na kukata kona, lakini uzito halikuwa nao. Utulivu wake barabarani uliamuliwa na mtengenezaji, si na nguvu za mwendo.

Mwaka 1982 Namco ya Japani ikatoa Pole Position, na jicho la mchezaji likashushwa hadi nyuma ya gari, kwenye uwanja wa Fuji. Hata hivyo, kilichopindwa kwenye skrini ni barabara; gari lilisukumwa tu nje ya kona. Kompyuta za enzi hiyo hazikuwa na uwezo wa kukokotoa zaidi.

Mageuzi yalichochewa na elimu iliyotoka nje ya michezo. Mwaka 1987 Hans Pacejka wa Chuo Kikuu cha Delft, Uholanzi, pamoja na wenzake, walichapisha fomula ya mshiko wa tairi. Tairi likigeuzwa, mshiko wake wa pembeni huongezeka, hufika kilele, kisha hupungua. Kukipita kilele hicho ndiko kuserereka. Miaka miwili baadaye Hard Drivin' ya Atari Games ilileta klachi, na usukani uliosukumana na mikono ya dereva.

Miaka ya 1990 prosesa zilipata nguvu, na ardhi nayo ikaanza kuhesabiwa. Katika Sega Rally Championship ya 1995, lami na changarawe zilishika matairi kwa namna tofauti. Gran Turismo ya 1997 ilieneza elimu hiyo majumbani. Mwaka uliofuata Grand Prix Legends ilifufua msimu wa 1967, wakati magari ya Formula 1 hayakuwa na mabawa ya kuyakandamiza chini. Dereva akikanyaga breki katikati ya kona, uzito ulihamia mbele, matairi ya nyuma yakapungukiwa mshiko, na gari likazunguka.

Karne hii BeamNG.drive, iliyoanza kupatikana mwaka 2013, imefanya hata bodi ya gari ipinde na kukunjika. Mwaka 2020 WRC 9 ilileta barabara za vumbi za Safari Rally ya Kenya, mwaka mmoja kabla ya mbio zenyewe kurudi katika ubingwa wa dunia.

Usukani na pedali za 1974 zingalipo. Kilichobadilika ni mwenye dhamana ya utulivu. Wanaoanza bado huwekewa msaada wa kuzuia kuserereka, lakini anayeuzima hubaki na mikono yake. Ujuzi huo umevuka skrini: Jann Mardenborough, aliyeshinda shindano la Gran Turismo mwaka 2011, alimaliza wa tatu katika daraja la LMP2 kwenye Saa 24 za Le Mans mwaka 2013. Mchezo uliojifunza kutoka kwa gari sasa unafundisha madereva.