Jando la Kikristo la Masasi

Mtu asomaye taarifa za misheni za kusini ya Tanganyika huona hesabu za waliobatizwa mwaka hata mwaka. Shida iliyowasumbua wachungaji wa huko, lakini, haikuwa ya wale waliobatizwa, bali ya watoto wao.

Mji wa Kikristo wa Masasi ulianzishwa mwaka 1876, Askofu Edward Steere wa UMCA alipowachukua kutoka Unguja watu waliokombolewa utumwani, akawaweka huko. Hao walikuwa wametengwa na makwao, hata dini mpya ikawa karibu jamaa yao ya pekee. Wayao, Wamakua na Wamakonde waliowazunguka hawakuwa hivyo. Wao walikuwa na koo zao, wazee wao, na jando lao. Mvulana asiyepita kumbini hakuhesabiwa mtu mzima, wala neno lake halikusikilizwa. Wamisionari wa kwanza walilichukia jando kwa ajili ya matambiko na nyimbo zake, wakalikataza. Ikawaje? Wazazi Wakristo waliitika kanisani, kisha wakawapeleka wana wao kumbini kwa siri. Na kwa kuwa Uislamu ulikuwa umekwisha kuenea miongoni mwa Wayao, na jando lao limechukua sura yake, kijana aliweza kuingia kumbini Mkristo akatoka Mwislamu.

Vincent Lucas, padre Mwingereza aliyekuja kuwa askofu wa kwanza wa Masasi mwaka 1926, alishika njia nyingine. Jando la kwanza la Kikristo lilifanywa mwaka 1913. Tohara ilibaki, na kukaa porini na mafunzo ya adabu yakabaki. Tambiko liliondolewa, na mahali pake pakawekwa sala na msalaba. Vijana walirudi kwa wazazi wao wakiwa watu wazima, na Wakristo.

Sifa za jambo hili hupewa Lucas, naye anastahili fungu lake. Mwaka 1928 alilieleza kwa Waingereza wenzake katika insha iliyojulikana sana. Lakini mgeni angejuaje lipi kumbini ni adabu na lipi ni tambiko? Wajuzi walikuwa mapadre Waafrika, mmoja wao Kolumba Msigala, ambaye aliacha kumbukumbu zake kwa maandishi. Haukupita muda vita vikaingia, Wajerumani wakawafunga wamisionari Waingereza, na hao mapadre wakalishika kanisa la Masasi peke yao. Halikuvunjika.

Unyago ulikuwa mgumu zaidi. Mambo ya wasichana yalikuwa mikononi mwa makungwi, na mapadre, wakiwa wanaume, hawakuwa na mlango wa kuingilia. Nadhani makungwi waliona upesi kuliko wengine kwamba anayeshika mafunzo ndiye anayeshika ukoo, nao hawakuwa tayari kuyaachia.

Siku hizi wavulana wengi hutahiriwa hospitalini, pengine wangali wachanga, na jando linalobaki hubanwa ndani ya likizo za shule. Jeraha hupona vizuri kuliko zamani. Lakini mafunzo ya kipaimara hupewa saa chache kwa juma, darasani, na mwalimu mara nyingi si mjomba wala babu wa mtoto. Zile siku nyingi za kukaa porini na wazee, ambazo Msigala na wenzake walizikuta tayari wakazitumia, hawa makasisi wa leo hawazikuti.