Haki ya Aliyefyeka

Kaskazini ya mji wa Mbale, kando ya barabara iendayo Kumi, kipo kitongoji cha Nkoma, ambacho mgeni akikipitia mwishoni mwa kiangazi ataona, baina ya nyumba za matofali na mabweni ya wanafunzi, viwanja vilivyomezwa na nyasi zinazopita kimo cha mtu, na pengine watu wawili watatu walioinama na mafyekeo yao, wakivirudisha viwanja hivyo katika hali ya kulimika. Kwa mpita njia hiyo ni kazi ya kujitafutia maharage tu. Lakini katika nchi hii ya mashariki ya Uganda, tangu Mbale hata Jinja, kufyeka kumekuwa siku zote ni namna ya kudai haki, na nyasi, kila zilipoota tena, zimekuwa ushahidi wa watu walioondoka, ama kwa vita, ama kwa maradhi, ama kwa amri ya serikali.

Mbale yenyewe ni mji uliofyekwa. Semei Kakungulu, jemadari wa Kiganda aliyeingia nchi iliyoitwa Bukedi mwaka 1899, alipoondolewa na Waingereza katika ngome yake ya Budaka mwaka 1902, aliachiwa maili za mraba 20 chini ya mlima Elgon, mahali ambapo wafuasi wake walikata nyasi na matete, wakachimba mitaro, wakapanda migomba na miti, na kunyoosha barabara ambazo wageni wa zama hizo walizistaajabia. Na si muda mrefu misafara ya wafanyabiashara wa pembe, Waswahili na Waarabu miongoni mwao, ikapafanya kituo cha safari ya Karamoja. Wasifu wa Kakungulu aghalabu husimuliwa kwa bunduki zake, nami naona si haki, kwa kuwa bunduki zilimpa nchi ambayo Waingereza walimnyang'anya, bali migomba ndiyo iliyomwachia mji. Lakini kazi yenyewe ilifanywa na mikono isiyoulizwa radhi, na ardhi ile haikuwa tupu kama ilivyodhaniwa. Ndiyo maana, uhuru ulipokaribia, Wagisu wa mlimani na watu wa Bukedi wa tambarare waligombania Mbale kwa ukali, kila upande ukidai kwamba ni wao waliotangulia, hata katiba ya mwaka 1962, kwa kushindwa kuamua, ikauandika mji huo kuwa eneo la peke yake, lisilo la huyu wala la yule.

Huko Busoga, nchi ya upande wa Jinja, utaratibu ulikuwa dhahiri zaidi. Mtu aliyetaka kibanja, yaani kipande cha ardhi cha kukaa na kulima, alimwendea mkuu wa kijiji, akatoa ada iliyoitwa nkoko, akaonyeshwa mipaka, na tangu siku alipoanza kufyeka, jirani hakuwa na ruhusa ya kuvuka. Naye akihama au akifa bila mrithi, ardhi humrudia mkuu, tayari kwa mwombaji mwingine. Mwanaelimu wa Kimarekani, Lloyd Fallers, aliyekaa Busoga mwanzoni mwa miaka ya 1950, alikuta ada hiyo imekwisha kuwa fedha taslimu, na wakuu wengine wakiitegemea kama pato.

Utaratibu huo ulikuwa umepata pigo kubwa kabla ya hapo. Maradhi ya malale, yaliyozuka kandokando ya Ziwa Viktoria mnamo mwaka 1900, yaliua watu wakadiriwao kupita 200,000 katika Uganda kwa muda wa miaka michache, na Gavana Hesketh Bell, alipoona kwamba mbung'o hukaa katika vichaka vya ukingo wa maji, akaamuru wakazi wa ufukoni wahamishwe bara, na vichaka vya bandarini vikatwe. Basi ikawa serikali ile ile inafyeka kwenye gati ili mashua zipite salama, na papo hapo inaacha maelfu ya vibanja vya kusini ya Busoga kurudi mwituni. Migomba ilisongwa, njia zikafungwa, na wajukuu wa waliohamishwa waliporuhusiwa kurejea baada ya miaka mingi, walilazimika kuyatambua makazi ya mababu kwa mti uliopandwa na mkono wa mtu au kwa mawe ya meko.

Yafaa sasa kuitazama kazi yenyewe kwa karibu, maana wanaoiandikia historia mara nyingi hawajapata kuushika mpini. Nyasi ndefu, kama mabingobingo, hutisha kwa kimo chake, lakini ni adui mwepesi: hukatwa mwezi wa Januari au Februari, kabla ya mvua za masika, huachwa zikauke, kisha shina lake hung'olewa kwa jembe, na udongo unaobaki chini yake huwa mweusi na laini. Adui wa kweli ni mfupi, nalo ni lile jani ambalo Waganda na Wasoga huliita lumbugu, na wakulima wa Kenya sangari. Juu ya ardhi halifiki gotini. Chini yake limetandaza mizizi myeupe yenye pingili, iliyochongoka nchani kama sindano, ambayo huweza kukitoboa kiazi na kutokea upande wa pili. Mwenye haraka hulikatakata kwa jembe akadhani amelimaliza, kumbe amelipanda, kwa kuwa kila pingili iliyobaki na unyevu huchipuka peke yake. Mkulima mzoefu hulima kwa kina, akainua bonge zima, akalipigapiga kwa mpini hata udongo udondoke, akaivuta mizizi kwa mkono, kisha akaianika juani juu ya kichuguu au mwamba mpaka ikakamae. Haitupi kandokando ya shamba, wala haichanganyi na samadi. Baada ya wiki mbili tatu hurudia, na mara ya pili ndiyo inayompambanua mwenye subira na asiye nayo. Wengi huanza na viazi vitamu, kwa sababu kupiga matuta kunaugeuza udongo tena, na majani yake hutambaa yakaunyima mche wa lumbugu mwanga.

Majembe ya kazi hiyo, kabla ya kuja yale ya viwandani, yalifuliwa na wahunzi wa Samia, mpakani mwa Kenya ya leo, wakayauza mbali pande zote, na jembe likawa na thamani ya kulipiwa mahari. Pamba, ambayo mbegu zake ziligawiwa Uganda tangu mwaka 1903, ndiyo iliyofanya jembe lisitoshe. Takriban mwaka 1910 ulianza kufundishwa huko Kumi ulimaji wa plau ya kukokotwa na maksai, na tambarare za Teso zikafunguka kwa kasi ambayo mikono isingeiweza. Pamoja na pamba ilikuja sheria ya kung'oa na kuchoma mashina yake baada ya mavuno ili wadudu wasihamie msimu ujao, na machifu wakawa wakipita mashambani kukagua na kutoza faini, hata usafi wa shamba, uliokuwa fahari ya mwenyewe, ukageuka kuwa jambo la baraza. Wataalamu wa serikali, baada ya majaribio ya miaka mingi, wakashauri shamba lilimwe miaka mitatu na kuachwa majanini miaka mitatu, ili ardhi irudishe rutuba. Shauri jema, ambalo wenyeji walikuwa wakilifuata kwa namna yao kabla ya mtaalamu wa kwanza kushuka melini.

Kisha ukaja mwaka 1972. Idi Amin alipowapa Waasia siku 90 kuondoka, hawakuacha maduka tu. Karibu na Jinja waliacha mashamba ya miwa ya Kakira, yaliyoanzishwa na Muljibhai Madhvani, ambayo kiwanda chake kilifunguliwa mwaka 1930. Uganda, iliyokuwa ikitengeneza zaidi ya tani 150,000 za sukari kwa mwaka mwishoni mwa miaka ya 1960, ilifikia mwaka 1984 kuwa haitengenezi karibu chochote, na sehemu kubwa ya Kakira ilikuwa kichaka. Ukoo wa Madhvani uliporejea katikati ya miaka ya 1980, kazi ilianza tena kwa panga. Mjini Jinja nako, zama za uhaba, wakazi wapya walilima mahindi na mihogo katika bustani zilizokuwa za waridi.

Nkoma ya leo imo katika kadhia hiyo hiyo. Tangu Chuo Kikuu cha Kiislamu kilipofunguliwa hapo mwaka 1988, bei ya ardhi imepanda, na wenye viwanja wasio na fedha za kujenga huwaazima majirani wavisafishe na kuvilima, maana kiwanja chenye nyasi hukaribisha nyoka, na kisichotumiwa huzua madai. Mwazimwa huruhusiwa maharage, viazi, mahindi, na mboga za msimu. Migomba, mibuni na miti ya matunda hakubaliwi kupanda, hata mche mmoja. Na akionekana amepanda, mwenye kiwanja huung'oa siku hiyo hiyo, mbele ya mashahidi.