Mwili Mgonjwa na Moyo Mtulivu

Afya ni tunu ambayo aliye nayo haioni. Mtu mzima wa mwili hula, hulala na huamka bila ya kuifikiri. Lakini jino moja likimwuma usiku, dunia nzima humwia nyembamba. Je, utulivu wa moyo ni mtumwa wa afya ya mwili? Au moyo waweza kutulia hata mwili unapokuwa katika dhiki? Swali hili liliwashughulisha sana wanafalsafa wa kale walioitwa Wastoiko. Jina lao si geni kwa wasomaji wa Matendo ya Mitume, maana Paulo alikutana nao katika mji wa Athene.

Mwanzilishi wao alikuwa Zeno, mzaliwa wa kisiwa cha Kipro. Karibu na mwaka 300 kabla ya kuzaliwa Kristo alianza kufundisha Athene, katika baraza iliyopambwa kwa picha. Kwa Kiyunani baraza huitwa stoa, na wafuasi wake wakapewa jina la mahali walipokutania. Sisi tuliozoea kuona wazee wakijadili mambo makubwa barazani hatutastaajabu kwamba falsafa kuu ilizaliwa mahali kama hapo.

Mafundisho yao yalikuwa haya. Kitu kilicho chema siku zote ni wema wa roho: busara, haki, ushujaa na kiasi. Afya, mali na cheo si vyema wala si viovu kwa asili yake, kwa sababu vyaweza kutumiwa vizuri au vibaya. Mikono yenye nguvu humsaidia mkulima kulima, nayo humsaidia mwizi kuvunja mlango. Hata hivyo Wastoiko hawakuudharau mwili. Walisema kwamba afya yastahili kuchaguliwa kuliko ugonjwa, na kwamba mwenye akili huitunza. Walilokataa ni kuifanya afya kuwa nguzo ya pekee ya furaha. Nahodha hutamani upepo mwema, lakini upepo si mali yake. Mali yake ni namna anavyoushika usukani.

Ni rahisi kwa mtu mwenye nguvu kusema maneno kama haya. Thamani yake yapasa kupimwa kwa maisha ya wale waliougua.

Mmoja wao alikuwa Seneca, aliyezaliwa Corduba katika nchi ya Hispania karibu na mwanzo wa hesabu ya miaka ya Kikristo. Tangu ujana wake alisumbuliwa na kifua. Alikonda mno, hata akafikiri kwamba kufa ni afadhali kuliko kuishi. Lakini alimkumbuka baba yake mzee, akaona kwamba hana haki ya kumtwika msiba huo. Dada wa mama yake alimwuguza katika ugonjwa mrefu, na Seneca alikaa kwake Misri, ambako mume wa mama huyo alikuwa liwali wa Kirumi. Baadaye Seneca alikumbuka kwamba falsafa ilimwinua kitandani, lakini hakusahau rafiki zake, waliokesha pamoja naye na kumtuliza kwa mazungumzo. Hapa twaona kwamba Mstoiko hakuwa jiwe. Alijua kwamba neno la rafiki ni sehemu ya dawa.

Katika uzee wake Seneca alimwandikia rafiki yake Lucilius barua nyingi. 124 zimebaki hata leo. Katika moja alieleza jinsi pumu ilivyombana, hata kila pumzi ikawa kama ya mwisho, na jinsi alivyojituliza kwa fikira za ushujaa. Katika nyingine alisema kwamba kila ugonjwa una mambo matatu mazito: hofu ya kifo, maumivu ya mwili, na kukatizwa kwa anasa. Kisha akayachungua moja moja, kama mtu afunguaye mzigo ili aone kilicho kizito ndani yake. Aidha alishauri mazoezi mafupi ya mwili, kama kukimbia, kuruka na kunyanyua vitu vizito, lakini akaonya kwamba mwanafunzi asisahau kurudi upesi kwenye mazoezi ya akili.

Epictetus alikuwa mtu wa namna nyingine. Seneca alikuwa tajiri. Yeye alizaliwa mtumwa, karibu na mwaka 50, katika nchi ambayo leo ni Uturuki, naye alikuwa kiwete. Wako watu wa kale waliosema kwamba bwana wake aliuvunja mguu wake kwa kuupotoa. Wengine walisema ni ugonjwa tu. Wahenga wetu hunena: hujafa hujaumbika. Epictetus alifundisha kwamba kilema humzuia mguu, hakimzuii nia. Baada ya kupata uhuru alifundisha falsafa, na Kaisari Domitian alipowafukuza wanafalsafa Roma, alihamia Nicopolis, katika Uyunani, akafungua shule huko.

Wa tatu alikuwa Kaisari Marcus Aurelius, aliyetawala tangu mwaka 161 hata 180. Katika siku zake tauni kubwa iliingia pamoja na askari waliorudi kutoka vita vya mashariki, ikaua watu wengi mno. Yeye mwenyewe alikuwa na mwili dhaifu, na watoto wake wengi walikufa kabla yake. Alikunywa dawa alizotengenezewa na tabibu Galen. Hakudhani kwamba subira yamkataza mtu dawa. Lakini katika maandishi aliyojiandikia mwenyewe alikumbuka kwamba kuharibika kwa akili ni tauni mbaya kuliko ile ya hewa.

Haifai kuwasifu watu hawa bila ya mizani. Mafundisho yao hayakukomesha utumwa, na subira ya mwenye kuonewa yaweza kumfurahisha sana mwonevu. Mtu mwenye njaa hahitaji kuhubiriwa utulivu; ahitaji chakula. Kwa hiyo lazima tutenge mambo mawili: lile liwezalo kuponywa au kurekebishwa, na lile lisilo na dawa. La kwanza lataka juhudi, la pili lataka ustahimilivu. Ujinga ni kuyachanganya.

Mafundisho haya hayakuzikwa pamoja na Roma. Katika miaka ya 1950 na 1960, wataalamu wawili wa Marekani, Albert Ellis na Aaron Beck, walianzisha njia za kuwatibu wenye wasiwasi na huzuni kwa kuwafundisha kuyapima mawazo yao wenyewe. Wote wawili walikiri kwamba mizizi ya kazi yao ilifika kwa Wastoiko.

Basi, kijana, utunze mwili wako: ule kwa kiasi, ucheze, ulale, na uugapo uende kwa daktari. Lakini usiifanye afya kuwa nyumba pekee ya amani yako. Siku moja paa la nyumba hiyo litavuja, maana hakuna mwili usiougua. Heri aliyejenga moyoni mwake chumba kingine cha kukaa wakati wa mvua, na kuacha mlango wazi ili rafiki apate kuingia.